Maji ya Kifuu Yataka Chombo Chake

Wahenga walisema: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Leo naongeza yangu: kila bahari ina chombo chake. Nasema hivi kwa sababu kijana wetu wa pwani akipata fedha kidogo, hutamani kwanza boti ya faiba yenye mashine. Ukimtajia mtumbwi hucheka, kwani kwake hiyo ni alama ya ufukara. Boti ina kazi yake huko nje ya mwamba. Lakini kwa mtu anayekwenda kuchoma samaki usiku kwa taa na mkuki, katika maji ya magotini ya Gazi, Funzi, Vanga au kwenye vijito vya Lamu, boti hiyo ni gharama ya bure, na pengine ni hatari.

Mimi nilifunzwa na bahari yenyewe. Katika ujana wangu, mimi na wenzangu wawili tuliudharau mtumbwi wa baba, tukaazima dau la jirani lenye mkuku mrefu. Tulitoka baada ya sala ya isha. Ilipofika saa tatu maji yalikuwa yamekupwa, dau likakaa juu ya mwamba na kulala ubavu. Karabai ikaanguka, utambi ukapukutika. Maji yaliporudi yaliingia ndani kabla dau halijainuka, tukayafua kwa kofia zetu. Kisha tukatangatanga gizani kati ya mikoko hata adhana ya alfajiri. Mama tulimkuta ameketi mchangani, macho mekundu. Baba hakugomba. Aliuliza tu, "Mlikwenda kuvua au kuonekana?"

Swali hilo ndilo la kumwuliza kila anunuaye chombo. Sisi tunaofuata mwezi mwandamo tunapaswa kulijua jibu. Usiku mzuri wa kuchoma samaki ni wa giza, mwezi unapokwisha na mwengine unapoandama. Siku hizo ndizo pia za bamvua, na katika pwani yetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita usiku, yakichelewa karibu dakika 50 kila siku. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Palipokuwa na kina wakati wa magharibi huwa ni mwamba mtupu baada ya isha. Huko mashine hupiga mawe, na kishindo chake humwamsha hata pono, ambaye usingizi wake umekuwa methali.

Basi tafuta mtumbwi wa pima mbili au tatu, uliochongwa kwa mwembe mzima usio na ufa, unaozama shubiri moja tu ukiwa na watu wawili. Tazama kitako chake. Kikiwa cha mviringo, mchomaji akisimama omo na kutupa mkuki ataanguka pamoja nao. Kiwe kipana. Usinunue nchi kavu; utie majini, simama ndani, uuyumbishe. Ngalawa ni tulivu zaidi, lakini mirengu yake hukwama penye mikoko.

Vifaa si vingi. Upondo mwepesi ulionyooka, ncha yake ifungwe kitambaa usigonge mawe. Kafi moja ya akiba. Taa iwekwe omo, iwe ni karabai au hizi za betri zinazotiwa moto kwa jua, na nyuma yake kipande cha bati ili mwanga uende majini usikupofushe. Mkuki wa meno matatu yenye kulabu, na kamba mwishoni. Ukilenga, lenga chini ya unapomwona samaki, kwa kuwa maji humwonyesha juu kuliko alipo. Tia pia kopo la kufulia maji, nanga, viatu vya raba kwa ajili ya mwiba wa taa, jaketi la kuokolea, na simu ndani ya mfuko usiopenya maji.

Nasisitiza jambo moja. Uzuri wa mkuki ni kwamba mvuvi humwona samaki kabla ya kumtwaa. Aweza kumwacha mdogo akue, jambo ambalo juya haliwezi. Asiyetaka kuchagua asijisifu kwa mkuki. Wala asiingie katika hifadhi zilizofungwa, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, akisingizia giza.

Mafundi wa mitumbwi wanazeeka, na vijana hawaketi nao tena. Wakiondoka bila wanafunzi, maji yetu ya kifuu tutayatazama tukiwa ufukoni, na boti zetu nzuri zimefungwa kando yetu. Kijana, kabla hujanunua, kaa na mzee mmoja, umwulize maji yako yataka nini. Chombo hakichaguliwi kwa macho ya watu, huchaguliwa na maji.