Usiache Mbachao: Samani za Kale na Heshima ya Nyumba Zetu

Katika shule zetu, za msingi na za upili, methali isemayo "Usiache mbachao kwa msala upitao" hukaririwa mno, aghalabu na wanafunzi wanaotafuta kuipamba insha. Lakini ukiwauliza wanafunzi hao mbacha ni kitu gani, wengi hunyamaza. Nimeuona ukimya huo katika kumbi za mihadhara ya chuo kikuu pia, tena miongoni mwa vijana waliopita mtihani wa Kiswahili kwa alama za juu. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia. Basi methali hiyo, kabla ya kuwa falsafa, ni habari ya vyombo vya nyumbani. Kimoja kimechakaa lakini ni chako. Kingine kinapendeza lakini kinapita tu.

Leo nakusudia kuirudisha methali hiyo sebuleni, mahali ilikotoka. Dai langu ni kwamba chombo cha kale kinapotupwa, hakiendi peke yake. Huondoka na jina lake, na ufundi uliokiunda, na mazungumzo yaliyokizunguka.

Hapa Rongai, nami nasema Rongai ya Nakuru iliyo kando ya reli iendayo Uganda, wala si ile jirani ya Nairobi, nyumba ya mtu aliyefanikiwa inajulikana kwa sura yake. Kuna seti ya makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa, kabati la vioo, meza ya kioo katikati, na viti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu pembeni vikingoja wageni. Sina ugomvi na makochi. Mtu aliyeshinda kazini anastahili kuketi vizuri. Ninachouliza ni hiki: kigoda cha babu kimekwenda wapi? Mara nyingi kimetupwa stoo, au kimekuwa kiti cha mpishi jikoni, au kimeingia mekoni chenyewe siku kuni zilipopungua. Vile vilivyonusurika huuzwa kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi, kisha huonekana katika maduka ya watalii vikiuzwa kwa bei ambayo mwenyewe hangeiamini.

Mimi ni mtu wa isimu, kwa hiyo niruhusiwe kuanza na maneno. Neno kiti lina mzizi -ti, ambao katika lugha nyingi za Kibantu humaanisha mti. Mgikuyu husema mũtĩ kwa mti na gĩtĩ kwa kiti, na uhusiano huo unasikika mara moja. Meza na kasha tuliachiwa na Wareno. Sanduku tulilipata kwa Waarabu. Dawati pia asili yake ni Uarabuni, ambako neno hilo lilimaanisha kidau cha wino, kabla ya sisi kulipa maana ya meza ya kuandikia. Kabati ni neno la Mwingereza. Kwa hiyo chumba kimoja cha mwalimu wa Rongai kina historia ya karne nyingi za Afrika ya Mashariki, naye hukipangusa vumbi kila Jumamosi bila kuijua. Hata neno samani limekaribiana kwa sauti na neno thamani kiasi kwamba sikio halikosi kuuhisi udugu wao.

Tutazame sasa vyombo vya jirani zetu. Kwa Wakalenjin, kibuyu kiitwacho sotet si pambo la ukutani tu. Ndani yake hugandishwa maziwa ya mursik. Kabla ya kutiwa maziwa, husafishwa kwa ufagio mdogo uitwao sosiot na kupakwa ndani mkaa wa mti uitwao senetwet, unaoyapa maziwa rangi, harufu na ladha yake. Hapo tayari pana maneno manne, mti mmoja na elimu kamili ya kuhifadhi chakula bila jokofu. Siku sotet inapoacha nafasi yake kwa chupa ya plastiki, mtoto hana tena sababu ya kuuliza sosiot ni nini. Ndivyo ilivyo kwa kigoda cha Mgikuyu, na kwa kiti cha Mkamba kilichotiwa nakshi za nyaya nyembamba. Vilichongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi, na vingi vilikuwa alama ya umri na cheo cha aliyevikalia.

Nyanda hizi zina urithi mwingine usiosemwa sana. Walowezi walipokaa hapa walijaza nyumba zao makabati, meza na viti vya mtindo wa Kiingereza. Kasri ya Lord Egerton karibu na Njoro, iliyojengwa kati ya mwaka 1938 na 1954, ni ushahidi wa mapenzi hayo ya fahari. Wakati wa uhuru ulipowadia, wengi wao waliuza na kuondoka, na baadhi ya samani hizo zikabaki kwa wenyeji. Wapo wanaoona haya kuzithamini kwa sababu ya aliyezimiliki. Nami nasema meza haina kosa. Mikono ya wafanyakazi wetu ndiyo iliyoing'arisha, na pengine fundi wa hapa hapa ndiye aliyeiunda. Kuihifadhi si kumtukuza mkoloni. Ni kukataa kufuta ushahidi.

Tukiteremka pwani tunakuta watu waliolielewa jambo hili zamani. Katika nyumba kongwe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukuta wenyewe ulikuwa samani. Ulitobolewa zidaka, safu kwa safu, ili vyombo vya kauri kutoka ng'ambo vipangwe humo na kuonekana. Kiti cha enzi, chenye mbao nyeusi, nakshi za pembe na maegemeo yaliyosukwa kwa uzi, kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Na yale makasha yenye misumari ya shaba tuyaitayo ya Zanzibari, mengi yaliundwa Uhindi. Jambo hilo lisitutie unyonge. Chombo huwa chetu kwa maisha tuliyoishi nacho, si kwa bandari kilikopakiwa tu.

Kama pana Mkenya aliyetuonyesha njia, ni marehemu Joseph Murumbi, mzaliwa wa Bonde hili hili la Ufa na Makamu wa Rais mwaka 1966. Alikusanya vitabu, samani, nguo, mapambo na sanaa za Afrika kwa mapenzi ya kweli, na mkusanyiko wake sasa umo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi mjini kutazama majengo marefu angefanya vyema kuwaingiza humo pia.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya matajiri. La hasha! Tajiri ndiye anayekuja kukinunua. Maskini ndiye aliyenacho. Kigoda hakihitaji jumba. Kinahitaji pembe moja ya chumba, kitambaa kikavu, mafuta kidogo, na kuepushwa na mvua na mchwa. Tena kiti cha zamani kinachorekebishwa na fundi ni mti mmoja usiokatwa. Tangu mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, hakuna mkazi wa nyanda za Mau anayeweza kusema hajui bei ya mbao.

Hoja ya pili ni ya wale wanaodhani kila cha kale kina ushirikina. Imani ya mtu ni yake, nami siigusi. Lakini kibuyu cha maziwa ni kibuyu cha maziwa, na kigoda alichokalia nyanya akipepeta mtama hakina dhambi ya kuungama.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo husemwa kwa sauti ya chini. Wako majirani zetu ambao hawana cha kuhifadhi. Ghasia za mwaka 1992, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ziliteketeza nyumba nyingi katika bonde hili. Mtu akimbiaye usiku humbeba mtoto, habebi kasha. Kumwambia mtu huyo athamini samani za kale ni kama kumtonesha kidonda. Hata hivyo, ni yeye anayejua kuliko sote thamani ya chombo, kwa kuwa amewahi kukosa hata kimoja cha kuwaonyesha wanawe na kusema, "Hiki kilikuwa cha babu yenu." Kwake, kumbukumbu iliyoandikwa, jina la chombo na mchoro wake, itakuwa ndiyo samani. Na sisi tuliosalimika tuna wajibu mkubwa zaidi wa kuvitunza vyetu.

Sharti nionye pia juu ya mapenzi yaliyopita mpaka. Vigango, nguzo zinazochongwa na Wamijikenda kwa ajili ya wafu wao, viling'olewa na wezi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya sebule. Viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine 30 mwaka 2019, baada ya miaka mingi ya kudai. Kuna chombo cha nyumbani na kuna kitu cha kaburini. Asiyejua tofauti hiyo asijiite mpenzi wa vya kale. Yafaa tukumbuke kwamba sheria ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inakataza kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali.

Basi tufanye nini? Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kwa vitendo. Mwalimu wa Kiswahili na awape kazi hii: kila mmoja atafute nyumbani chombo kimoja kikuukuu, aandike jina lake kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, aulize kimeundwa kwa mti gani, nani alikitumia, na methali gani inakitaja. Asikichukue kukileta shuleni bila idhini ya wazee; daftari litatosha. Kwa muhula mmoja, shule moja ya Rongai itakuwa na kamusi ambayo hakuna profesa aliyewahi kuitunga.

Nao wazazi na wafanye jambo dogo. Mgeni ajapo, kigoda kitolewe stoo kiwekwe sebuleni, karibu na kochi. Mtoto atauliza ni cha nani. Kutokana na swali hilo mazungumzo yataanza, na lugha itaendelea kuishi. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Tukipokee kipya, lakini mbacha wetu tusiuache.