Bandari ya Kisumu imefufuka, ila njia ya mgeni bado haijachorwa

BANDARI ya Kisumu ilipozinduliwa upya mwishoni mwa Mei 2021, baada ya ukarabati uliogharimu takriban Sh3 bilioni, mazungumzo mengi yalihusu mizigo: mafuta, saruji, nafaka na mabehewa ya kuvushwa ziwani hadi Port Bell nchini Uganda.

Ni wachache waliouliza swali jingine lenye uzito kwa mfanyabiashara mdogo wa mji huo. Siku meli ya abiria itakapotia nanga kwa saa chache tu, msafiri atakayeshuka atatembea wapi, na shilingi zake ataziacha mikononi mwa nani?

Swali hilo si la ndoto. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, meli za shirika la pamoja la reli, ikiwemo MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, zilikuwa zikibeba abiria kati ya bandari za ziwa hilo, Kisumu ikiwa mojawapo.

Katika nchi jirani ya Tanzania, MV Mwanza ilishushwa majini Februari 2023 ikiwa imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Reli ya abiria kutoka Nairobi nayo ilirejea Kisumu Desemba 2021. Vipande vya safari ya kitalii vinazidi kuonekana, hata kama bado havijaunganishwa.

Hesabu yake ni rahisi. Iwapo meli ya ukubwa huo itasimama Kisumu ikiwa imejaa, nusu ya abiria wakatembea mjini, na kila mmoja akatumia Sh500 pekee kwa samaki, soda na kikapu, mji utapata Sh300,000 kwa siku moja.

Lakini fedha hizo hazitanyesha zenyewe kama mvua. Katika biashara ya meli za kitalii, abiria hugawika mafungu mawili. Wapo wanaonunua ziara melini na kupakiwa basini moja kwa moja kutoka gatini, na wapo wanaoamua kujiongoza kwa miguu wakiwa na ramani na saa mkononi.

Wa fungu la kwanza hulipa sehemu kubwa ya fedha zao kabla hata ya kukanyaga nchi kavu. Wa fungu la pili ndio humfikia muuza ndizi, fundi viatu na dereva wa tuktuk.

Hata hivyo, huyo wa pili hubeba hatari peke yake. Kwa desturi ya meli hizo, basi la ziara rasmi likichelewa, meli hulisubiri. Mtembezi wa kujitegemea akichelewa, hukuta gati tupu na hulazimika kuifuata meli kwa gharama yake. Hofu hiyo ndiyo huwafanya wengi wasitoke nje ya lango la bandari, au watoke na kuzunguka mita mia mbili tu.

Kwa sababu hiyo, mji unaotaka fedha za mtembezi hauna budi kumwondolea hofu ya saa. Pwani ya Afrika Mashariki inatoa mifano miwili ya kulinganisha.

Unguja, bandari ya Malindi imekaa ubavuni mwa Mji Mkongwe, eneo lililotambuliwa na Unesco kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Mgeni akitoka langoni, huwa tayari yumo katika kile alichokuja kukiona, na Forodhani haiko mbali.

Mombasa mambo ni tofauti. Kutoka Kilindini hadi Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ni mwendo wa kilomita kadhaa kuvuka kisiwa chenye msongamano wa magari. Si ajabu kwamba abiria wengi wa meli huchagua basi la kwenda Shimba Hills au Tsavo Mashariki.

Kijiografia, Kisumu yafanana zaidi na Unguja kuliko Mombasa. Mji huo ulizaliwa gatini. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901 na kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Kituo cha treni, bandari na barabara ya Oginga Odinga viko karibu karibu hadi leo.

Kwa hivyo kinachokosekana si umbali mfupi, bali ni mpango.

Tuchukue mfano wa meli itakayofunga gati saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi alasiri. Abiria hutakiwa kurejea mapema, tuseme saa tisa. Hizo ni saa saba. Ondoa saa moja ya uhamiaji na ukaguzi, kisha ondoa nyingine ya akiba. Zinabaki saa tano.

Makosa ya kawaida ya mtembezi mgeni ni kuanza na kilicho karibu na lango, akazidi kusogea mbali kadiri jua linavyopanda. Saa za mwisho humkuta akiwa mbali zaidi, amechoka, na mawingu ya mchana yanakusanyika juu ya Ghuba ya Winam. Wenyeji wanaijua vyema mvua ya radi ya Kisumu inayopenda kuja alasiri.

Busara ni kugeuza safari: kupanda tuktuk asubuhi hadi sehemu ya mbali zaidi, kisha kurudi kwa miguu kuelekea ziwani. Kila hatua humkaribisha mgeni kwenye meli yake. Zaidi ya hayo, ardhi ya Kisumu huteremka kutoka kaskazini kwenda ufuoni, hivyo mteremko humsaidia.

Hapo ndipo mtaa wa Migosi, ulio kaskazini mashariki mwa katikati ya mji, jirani ya Kondele, unapopata nafasi ambayo hakuna kitabu cha watalii kilichowahi kuupa.

Migosi hauna ngome wala makumbusho. Ni mtaa wa mpango wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo mwananchi alipewa kiwanja chenye njia na maji, akaachiwa kujijengea nyumba kadiri ya uwezo wake. Anayetaka kuona jinsi Mkenya wa kawaida wa mjini alivyojenga maisha yake baada ya uhuru, ataona mengi huko kuliko katika ukumbi wa hoteli.

Kutoka Migosi njia yapitia Kondele, kisha yafuata barabara kuu ya Jomo Kenyatta kuelekea mjini. Upande huo ndiko iliko hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti.

Ni katika ufunguzi wa hospitali hiyo, Oktoba 25, 1969, ambapo mkutano wa Rais Jomo Kenyatta uliishia kwa risasi na vifo vya raia. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Mgeni asiyeelezwa tukio hilo atapita hapo akiona hospitali tu.

Mbele zaidi ni soko la Kibuye, ambalo Jumapili hufurika wachuuzi kutoka kila pembe ya eneo la ziwa. Baada ya hapo ni uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, kisha mnara wa saa katika barabara ya Oginga Odinga, uliozinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha. Kutoka mnarani hadi bandarini hakuna safari ndefu.

Mtembezi wa mwendo wa wastani ataimaliza njia hiyo kwa muda usiozidi saa mbili bila kusimama. Akisimama sokoni, akala na kupumzika kivulini, bado atabaki na saa za kutosha. Mwenye nguvu kidogo aweza kuanzia Kibuye. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, au ufuo wa Dunga vyaweza kuachwa kwa wenye siku nzima.

Mpango wa kweli sharti pia useme yasiyopendeza. Kondele ni eneo ambalo mara nyingi huwa la kwanza kufungwa siku za maandamano, kama ilivyoshuhudiwa baada ya chaguzi za 2007 na 2017. Siku kama hizo mgeni anahitaji njia mbadala isiyotoka katikati ya mji, na mtu wa kumwambia ukweli langoni kabla hajaondoka.

Kuna jambo dogo linaloweza kuleta balaa pia. Mgeni akiambiwa na mwendesha bodaboda kwamba gari litaondoka "saa tisa", huenda akadhani ni saa ya ratiba yake ya Kizungu. Bango la bandarini lingeandika saa kwa namna zote mbili, aibu nyingi zingeepukwa.

Malipo nayo ni mtihani. Taasisi nyingi za serikali zimehamishia ada zao katika mfumo wa eCitizen, na masoko hutegemea M-Pesa. Abiria wa saa tano hana laini ya simu ya Kenya. Bila mahali pa kubadilisha fedha karibu na lango, atatembea akitazama bidhaa asizoweza kuzinunua.

Lililo zito kuliko yote ni nani atakayekuwapo kumuuzia. Mwaka 2019, wakati maandalizi ya kufufua bandari yalipokuwa yakiendelea, vibanda vya samaki katika ufuo wa Lwang'ni vilibomolewa. Kwa miaka mingi, Lwang'ni ndiko mgeni alikokwenda kula ngege wa kukaanga kwa ugali huku akitazama ziwa, hatua chache kutoka gatini.

Inastaajabisha kwamba kile ambacho mtembezi wa meli angekitafuta kwanza ndicho kilichoondolewa kwanza. Ardhi ya bandari na reli ina mwenyewe na sheria ina nafasi yake. Lakini bandari inayomfukuza muuza samaki ili imkaribishe mla samaki imejipunguzia faida yenyewe.

Chanzo cha pengo hilo kiko kwenye ua wa bandari. Ndani ya ua, mamlaka ni ya serikali kuu kupitia Halmashauri ya Bandari. Nje ya ua, Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti utalii wa ndani ya eneo lake, masoko na barabara za kaunti. Mtembezi huvuka mpaka huo kwa hatua moja. Ofisi mbili zinazohusika hazina budi kuuvuka pia.

Kazi yenyewe haihitaji mabilioni. Yahitajika bango la ramani langoni lenye umbali ulioandikwa kwa dakika za kutembea, vibao vya njia kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, vyoo safi, vivuko salama katika barabara ya Jomo Kenyatta, na eneo halali la wauza samaki karibu na gati.

Kisumu ilipoandaa kongamano la Africities Mei 2022, ilidhihirika kwamba mji huo waweza kujipanga ukiwa na tarehe mbele yake. Tatizo la meli ni kwamba hazingoji mwenyeji ajipange. Kampuni huchagua bandari zilizo tayari, na zile zisizo tayari hupitwa.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Iwapo njia itaishia hatua mia mbili kutoka langoni, watakaopona ni wenye mabasi. Ikianzia Migosi na kuteremka hadi ufuoni, huenda na mchuuzi wa Kibuye akaiona faida ya bandari ambayo kwa miaka mitano sasa amekuwa akiisikia redioni.