Swala na Kamera Wakati wa Kiangazi

Ndugu msomaji uishiye Segese, huenda mwaka huu unakusudia kuwapeleka watoto Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka, kwenye barabara ya Mwanza hadi Musoma. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, chafaa sana kwa picha: nyasi zimepungua, nao swala hufuata maji yaliyosalia.

Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa mgongoni pako. Zima injini ili kamera isitikisike. Usishuke garini, wala usipige honi ili mnyama ageuke. Swala aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio ameacha malisho kwa sababu yako. Swala tomi huficha mtoto wake mchanga majanini. Ukikaa karibu naye, mama huchelea kurudi kumnyonyesha.

Picha zina nguvu. Michael Grzimek wa Ujerumani alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, akiwahesabu na kuwapiga filamu wanyama wa Serengeti. Filamu hiyo, aliyoitengeneza pamoja na baba yake, Bernhard, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ikaijulisha Serengeti duniani.

Basi tuwafunze watoto wetu: picha njema humwacha mnyama akiendelea kula.