SADAKA ZA FAMILIA ZETU ZINAHITAJI MFUKO WA PAMOJA



 Ndugu wanafunzi, walimu na wazazi wetu, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo kila nyumba ya Buhemba inalifanya, lakini wachache wanalifanya kwa mpango. Nalo ni kutoa.

Hatusemi kwamba watu wa hapa ni mabakhili. Msiba ukitokea, kabla jua halijazama unga umefika, kuni zimefika na maji yamechotwa. Wazee wetu wa Mara walikuwa na desturi ya risaga, ya kwenda kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Mkono wa kutoa tunao. Tatizo letu ni kwamba tunatoa kwa kutawanya.

Tazameni Ramadhani. Mwenye duka anapeleka mchele kwa mjane aliye jirani na msikiti. Mchimbaji aliyepata kidogo machimboni anapeleka kwa mjane huyo huyo, kwa sababu ndiye anayemjua. Kijana aliyeko Mwanza anatuma pesa kwa simu, na shangazi yake anazipeleka pale pale. Mama mwenye watoto watano anayeishi mbali kule bondeni, ambaye haya inamzuia kuomba, hapati hata kibaba. Shawwali ikiingia, wote wawili wamesahauliwa mpaka mwaka ujao. Na mtoto wa yule mama, aliyekuwa akikaa nasi kwenye mkeka, ameacha kuja madrasa, yuko machimboni anaponda mawe.

Jambo la pili linauma zaidi. Kuna kiwanja kimoja ambacho hatutasema kilipo. Mzee mwenye nacho aliwaambia wazee wenzake wawili kwamba nusu yake ameitoa wakfu kwa ajili ya watoto wanaosoma. Hakuandika. Alipofariki, shahidi mmoja alikuwa amehama, na wa pili akamfuata marehemu baada ya muda mfupi. Warithi wakauza kiwanja chote. Hatuwalaumu, kwani hawakuwepo siku ile na hapakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Lakini mzee yule alikusudia kheri ya kudumu, na kheri hiyo imekatika kwa kukosa kipande cha karatasi.

Je, dini yetu haikutufundisha njia? Imetufundisha. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi nzuri kule Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe mazao yake. Basi ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na matunda yake yakaenda kwa mafakiri, jamaa, wageni na wasafiri. Huo ndio wakfu. Shina linabaki, matunda yanaliwa.

Wenzetu wa mwambao wamelijua hilo siku nyingi. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ilitungiwa sheria mwaka 2007, na kazi zake zinagusa wakfu, zaka, mirathi na hijja. Kenya nako makamishna wa wakfu waliwekewa sheria mwaka 1951. Familia inayotaka kutoa nyumba au shamba inajua mlango wa kubisha.

Hata wasiokuwa Waislamu wameliona hilo. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mwanasheria na mtu wa benki aitwaye Frederick Goff aliona matajiri wanakufa wakiacha mali kwa shughuli ambazo baada ya miaka hazihitajiki tena, na fedha zinabaki zimefungwa. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji mzima, wenye kamati ya wakazi, ambamo kila familia inaweza kuweka fungu lake. Hapa Afrika Mashariki, majirani zetu wa Kenya walianzisha mfuko wa maendeleo ya jamii mwaka 1997, unaojulikana kwa kifupi KCDF. Humo kikundi cha kijiji kinaweza kufungua fungu lake, mtaji ukawekezwa, na kinachotumika ni faida. Tofauti na wakfu zipo, na wajibu wetu ni kuangalia fedha isiingie kwenye riba. Lakini shina na matunda ni yale yale.

Mfuko kama huo unaisaidiaje familia? Kwanza, unaipa elimu ya kutoa. Sisi wa Buhemba tunaishi juu ya dhahabu, na imechimbwa hapa tangu enzi za wakoloni. Ni wangapi wanaojua hukumu yake? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, dhahabu itokayo mgodini ikifikia nisabu inatolewa zaka asilimia mbili na nusu, wala haisubiri mwaka kupita kama akiba ya ndani. Nisabu ni takriban gramu 85. Aliyepata gramu 85 zaka yake ni gramu mbili na kidogo tu. Mchimbaji akijua pa kuuliza na pa kupeleka, hatadai tena kwamba jambo hilo ni gumu.

Pili, mfuko unajua nani ana shida. Kamati ikiwa na daftari la wajane, mayatima, wagonjwa na wanafunzi waliokosa sare, mjane wa msikitini atapata chake na mama wa bondeni atapata chake, tena kwa siri. Wapo wanaosema sadaka ni ya siri, kwa hiyo haifai kuipitisha kwenye kamati. Tunawajibu kwamba siri iliyo bora ni hii ya kumsitiri anayepokea. Akipewa na mfuko hamjui mtoaji, hatainamisha kichwa akipishana naye njiani.

Tatu, mfuko unadumu kuliko mtu. Tupige hesabu ya mfano. Familia 40 zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi, ni shilingi 200,000 kwa mwezi na 2,400,000 kwa mwaka. Zikigawiwa zote zitaliwa na kwisha. Wakikubaliana toka mwanzo kwamba nusu ni ya matumizi na nusu ni wakfu, baada ya miaka michache watakuwa na uwezo wa kujenga fremu ya duka pale sokoni na kuipangisha. Kodi ya fremu hiyo itasomesha watoto ambao baba zao hawajaoa bado.

Tunajua neno lililo midomoni mwa wasomaji: mweka hazina atazila. Hofu hiyo haikutoka hewani. Michango mingi imepotelea mifukoni mwa watu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini dawa ya wizi ni hesabu. Yawepo madaftari matatu: la zaka, ambayo ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani na haichanganywi na nyingine, la sadaka, na la wakfu. Fedha zikae benki, katika akaunti isiyo ya riba, na zisitoke bila saini za watu watatu, mmoja wao awe mama, kwa sababu akina mama ndio wanaojua nyumba ipi haikuwasha moto. Kila baada ya miezi mitatu hesabu zisomwe baada ya sala ya Ijumaa. Wadhamini wasajiliwe RITA kwa mujibu wa sheria, ili mali iwe ya mfuko na isiwe ya mtu. Na kila wakfu uandikwe, mashahidi watie saini na warithi waelezwe mtoaji akiwa hai. Anayeacha wasia akumbuke kwamba hauzidi theluthi ya mali yake.

Na sisi wanafunzi tufanye nini? Wengi wetu hatuna hata shilingi, lakini kalamu tunazo. Tuwaombe walimu wetu ruhusa tuwe makarani wa jambo hili. Tuorodheshe watoto walioacha madrasa mwaka huu na sababu zao. Kila mmoja likizo hii amuulize babu au bibi yake kama kuna kitu alichokitoa au anachotaka kukitoa kwa ajili ya Allah, na akiandike mbele ya watu wazima. Tukianza na ukurasa mmoja wa daftari, wazee hawatakosa la kufuatia.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwepo kwanza, na kisiwe kimetoboka. Kama kingekuwepo mapema, kile kiwanja leo kingekuwa na darasa juu yake, na mwenzetu anayeponda mawe angekuwa ndani yake pamoja nasi. Kiwanja kimekwenda. Mwenzetu bado yuko hai, na nafasi yake kwenye mkeka haijakaliwa na mtu.