Mtoto hajatundikiwa dripu: usikimbilie kusema amepuuzwa

Umefika hospitali usiku na mtoto wa miaka mitatu. Homa iko juu, anapumua kwa shida, analegea, na ukimshika miguu unakuta ni ya baridi. Muuguzi anamtoa damu kidoleni, daktari anaagiza sindano na oksijeni. Dripu inafungwa, lakini inashuka tone moja moja kama bomba bovu. Kitanda cha pili, mtoto aliyeletwa na kuharisha anamiminiwa maji kwa kasi, chupa inaisha unaitazama. Lazima utajiuliza: wa kwangu wamemkatia tamaa?

Wazazi wengi huuliza hivyo, na wengine hugombana na wauguzi. Ni vema ujue kwamba tofauti ya vitanda hivyo viwili ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwenye wodi za hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi madaktari wa dunia nzima walifundishwa kwamba mtoto mwenye maambukizi makali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, amiminiwe maji mengi haraka kupitia mshipa. Hoja ilionekana haina ubishi: mzunguko umelegea, jaza mishipa, moyo utapata cha kusukuma. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuipima sawasawa hoja hiyo kwa watoto wa hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia.

Ndipo ukaja utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanya kazi Kilifi, Kenya. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi, Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walipangwa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza walimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini, la tatu walipewa matone ya kawaida tu. Mtoto wa kilo 10 kwenye makundi mawili ya mwanzo aliingiziwa kuanzia mililita 200 ndani ya saa moja. Dawa ya malaria, antibiotiki, oksijeni, sukari, damu kwa aliyepungukiwa: hivyo vilitolewa kwa kila aliyehitaji, bila kujali kundi.

Watafiti walikusudia kuandikisha watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu iliwaambia wasimamishe. Kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Waliopewa matone ya kawaida walikuwa 7.

Soma tena hapo. Tiba iliyokuwa kwenye vitabu ilikuwa ikiongeza vifo.

Linalonishtua zaidi ni jambo jingine ndani ya matokeo hayo. Baada ya saa moja, watoto waliomiminiwa maji walionekana nafuu: dalili za mzunguko hafifu ziliondoka kwa asilimia 43 kati yao, dhidi ya asilimia 32 kwa wenzao. Daktari aliyesimama pale kitandani angeapa kwamba dripu inafanya kazi. Vifo vilikuja baadaye, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kabisa, wala si maji kujaa mapafuni kama wengi walivyodhani mwanzoni. Macho peke yake yangetudanganya kwa miaka mingine mingi.

Ubishi haukuisha. Madaktari wa nchi tajiri walisema watoto wale walikuwa na malaria na upungufu wa damu, na hawakuwa na mashine. Hoja ina uzito wake, ila madhara yalionekana pia kwa wasio na malaria na kwa wenye damu ya kutosha. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka ulitoa picha inayofanana: waliopewa maji mengi mapema walifariki asilimia 48, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo uliorekebishwa mwaka 2016: mtoto mwenye baadhi tu ya dalili asimiminiwe haraka, mwenye dalili zote tatu, yaani mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya haraka, na ngozi inayochelewa kurudisha rangi ukiibonyeza, apewe kwa kiasi na kwa uangalizi. Miaka mitano ni mingi kwa jambo la uzito huu, kwa maoni yangu. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali kwa watoto nao ukatenganisha: penye chumba cha wagonjwa mahututi maji mengi yanaweza kutolewa hatua kwa hatua, pasipo nacho yasimiminwe kama shinikizo la damu halijashuka.

Sasa usije ukakataa dripu kwa kuwa umesoma hapa. Watoto wa kuharisha, wa utapiamlo mkali, wa kuungua na wa ajali hawakuwamo kwenye FEAST. Mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuharisha anaokolewa na dripu hiyo hiyo, na kumcheleweshea ni hatari. Ndiyo maana jirani yako anamiminiwa.

Una haki ya kuuliza, tena kwa adabu: “Daktari, dripu hii ni ya nini, na iende kwa kasi gani?” Uliza pia kama amepimwa malaria, sukari na wingi wa damu, na dozi ya kwanza ya dawa imeingia saa ngapi. Akianza kupumua haraka zaidi, akivimba macho, au akizidi kulegea, mwite muuguzi hapo hapo.

Na kile kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mpira wa dripu, ambacho ndugu wengine hukifungua ili chupa iishe wawahi kurudi nyumbani, usikiguse.