Adadi Katika Anwani: Wasia kwa Wasomaji wa Kimwani

Ndugu zangu wa Kimwani, na nyote mkaao baina ya Bukoba na Muleba, mlioko mashambani penye migomba na mibuni, na mlioko mwaloni penye mitumbwi na dagaa, nimekusudia kusema nanyi juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni vitabu ambavyo waandishi wake wametia adadi katika anwani zao. Kwani katika vitabu vyote nivipendavyo, hivyo ndivyo vilivyonifunza zaidi namna ya kusoma, na ni itikadi yangu kwamba mtu akijua kuvisoma ipasavyo hatadanganyika upesi na maneno ya watu, yawe yameandikwa au yamesemwa barazani.

Mwandishi akikiita kitabu chake kwa jina la mtu au la mji, hajamwahidi msomaji kitu kinachopimika. Lakini akiandika miaka hamsini, au hadithi arubaini, au waume watatu, amekwisha kujifunga mwenyewe, na kila ashikaye kitabu kile ana haki ya kuhesabu na kudai. Adadi iliyoandikwa juu ya jalada ni deni, na deni hilo hawezi kulidai ila aliyesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Ama yule atazamaye jalada tu, kisha akasifu au akalaumu, huyo amefanya butura, nanyi watu wa Kagera hamna haja ya kufunzwa maana ya butura: ameuza akili yake, kama kahawa, ingali maua mtini, na siku maganda yatakapokauka na kutiwa mizanini faida itakuwa ya mwingine.

Nianze na kitabu kisomwacho katika madrasa za pwani na za huku ziwani, nacho ni Arubaini ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyezaliwa mwaka 631 wa Hijra na kufariki mwaka 676. Anwani yasema arubaini; walakini mwanafunzi akikaa akahesabu, akianza na hadithi ya kwanza ihusuyo nia, atakuta hadithi 42. Msomaji mwepesi wa kulaumu angesema mwandishi amekosea hisabu, ilhali mwenye tafakuri ataona kwamba aliyeahidi arubaini akatoa na mbili zaidi hakumdhulumu mtu, bali amezidisha kipimo kama afanyavyo mwuzaji mwungwana. Na ukarimu huo ulizaa ukarimu mwingine, kwani alitokea baadaye Ibn Rajab, aliyefariki mwaka 795 wa Hijra, akaongeza hadithi nane zikatimia hamsini, kisha akaziandikia sharhe ambayo hata leo wanavyuoni huirejea.

Kinyume cha hicho ni kitabu cha Alfu Lela Ulela, ambacho wazee wetu wengi walikijua kwa tafsiri ya Kiswahili ya Edwin Brenn na Frederick Johnson, yule Johnson ambaye jina lake limefungamana na kamusi ya mwaka 1939. Anwani yaahidi masiku elfu na moja. Lakini Mfaransa Antoine Galland, alipoanza kuyachapisha kwa lugha ya kwao mwaka 1704, alikuwa na nuskha ya Kiarabu isiyotimiza masiku mia tatu, na zile hadithi ambazo watoto huzipenda kupita zote, ya Aladini na ya Ali Baba na wezi wake arubaini, hazikuwamo kabisa katika nuskha ile, bali alisimuliwa na Hanna Diyab, mtu wa Halab, mwaka 1709. Waliokuja nyuma hawakustahimili kuiona anwani inadaiwa; wakatafuta huku na huku, wakaongeza kisa juu ya kisa, hata zikapatikana nuskha zenye masiku elfu na moja kamili. Basi angalieni jinsi adadi iliyoandikwa juu ya jalada ilivyowatuma watu kazi kwa muda wa karne nzima na zaidi, kwa sababu palikuwapo wasomaji waliohesabu. Maana kama kila mtu angeridhika na jina, hapana ambaye angejitaabisha kuijaza nafasi iliyopungua.

Na katika nyumba nyingi za Kimwani kimo kitabu kingine ambacho anwani yake yenyewe ni Hesabu, yaani kitabu cha nne cha Musa, ambacho nachelea kwamba wengi hukiruka kwa kuwa kimejaa majina na jumla. Humo Waisraeli wanahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza jangwani Sinai, wanaume wawezao kwenda vitani wakawa 603,550, na mara ya pili katika nchi tambarare za Moabu, karibu miaka arubaini baadaye, wakawa 601,730. Atakayezitazama jumla hizo mbili kwa haraka atasema kwamba taifa lilikuwa lile lile, limepungua watu wachache tu. Lakini atakayesoma kwa utulivu ataambiwa kwamba katika wale wote waliohesabiwa mara ya kwanza hakubaki ila Kalebu na Yoshua, wengine wote walikwisha kufa njiani. Jumla zimekaribiana, na watu si wale. Mtu aliyeonja fundisho hilo, kisha akasomewa katika mkutano wa kijiji kwamba wanafunzi walioandikishwa ni wengi kama mwaka jana, au kwamba mapato ya mwaka huu yamelingana na ya mwaka uliopita, hataondoka kabla ya kuuliza ni akina nani walio ndani ya jumla hiyo na ni akina nani waliotoweka.

Sasa nije kwa waandishi wetu wenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kutumika ukarani serikalini kwa miaka zaidi ya thelathini, alitutolea vitabu viwili vyenye adadi ambavyo kila kimoja chafaa kuwekwa karibu na kitanda. Cha kwanza ni Utenzi wa Vita vya Uhuru 1939 hata 1945, ambamo vita vilivyowachukua vijana wa Tanganyika katika jeshi la Keya mpaka Habeshi, Madagaska na Burma vimepangwa kwa vina na mizani, na miaka miwili ya anwani imesimama kama nguzo mbili za lango ili msomaji ajue wapi aingie na wapi atokee. Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi alitimiza miaka hamsini mwaka 1959, na alifariki tarehe 20 Juni 1962. Kwa hiyo yale aliyoyaita baada ya miaka hamsini hayakuwa ila miaka mitatu na kitu, na kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1966, mwenyewe yumo kaburini. Je, angalingoja mpaka sabini, tungepata nini? Wapo miongoni mwetu watu wa miaka hamsini na sitini, wanaojua mambo ambayo hayajui mtu mwingine, nao husema kila mwaka kwamba wataandika wakipata nafasi. Hao ninawasihi wakitafute kitabu hicho, wasome tarehe ya kuzaliwa kwa mwandishi na tarehe ya kufa kwake, watoe ile ya kwanza katika ya pili, kisha waone kama wanayo nafasi ya kungoja.

Adadi nyingine niipendayo ni ile ya Mwalimu Nyerere katika kijitabu chake cha mwaka 1977, Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Kiongozi ambaye siasa yake imetimiza miaka kumi hana budi kufanyiwa sherehe na kuimbiwa nyimbo, lakini yeye alikaa akaandika hesabu ya faida na hasara, akayataja yaliyofanikiwa, na akakiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Mtu aweza kukubaliana na siasa ile au kuikataa, lakini hawezi kukana kwamba kuipima kazi yako mwenyewe mbele ya watu wote, kwa muhula ulioutaja mwenyewe, ni adabu ambayo viongozi wa vyama vya msingi, wa makanisa, wa misikiti na wa shule zetu wangepata thawabu kuiiga.

Wala nisidhaniwe kwamba nahimiza vitabu vizito peke yake. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja, katika visa vya mpelelezi Bwana Msa mwenye kiko chake, alitupa Siri ya Sifuri mwaka 1974 na Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975. Anwani ya pili yaipindua hisabu tuliyoizoea, kwa maana sheria na mila zimetuzoeza mume mmoja mwenye wake kadhaa, na mtu akiona mke mmoja amewekwa mbele ya waume watatu hawezi kukiweka kitabu chini mpaka ajue limewezekanaje. Na anwani ya kwanza yatuambia kwamba hata pasipo na kitu huenda pakawa na siri. Ustadi wa Bwana Msa ni kutokubali jambo kwa kuwa laonekana hivyo, na kijana anayemfuata ukurasa kwa ukurasa, akipima ushahidi pamoja naye, anajizoeza kazi ya akili huku akidhani anastarehe.

Najua wapo watakaosema ya kwamba adadi ni hila ya wauza vitabu, na kwamba stendi za mabasi leo zimejaa vijitabu viahidivyo njia saba za utajiri, au kujua Kiingereza kwa siku thelathini. Nakubali, na kwa sababu hiyo hasa nasisitiza kuhesabu. Kichukue kijitabu kile cha njia saba, ukae nacho kitako, uziandike njia zake moja baada ya moja katika daftari, nawe aghalabu utagundua kwamba njia ya nne ni ile ya pili iliyobadilishwa nguo, na ya saba ni nasaha ya kununua kijitabu kingine. Hila ya adadi haidumu mbele ya mtu mwenye kalamu na subira.

Basi nawausia wazazi, kila nyumba iweke rafu, japo ya mbao mbili, na katika vitabu vya kwanza vitakavyowekwa viwemo hivi nilivyovitaja. Walimu nawasihi, mtoto akisema amemaliza kitabu, msimwulize kama ni kizuri. Mwulizeni kama adadi ya anwani imetimia, na kama haikutimia, kwa nini. Na wazee wetu wakumbuke ya kwamba mwaka 1968, mkoa huu ulipokuwa ukiitwa bado Ziwa Magharibi, uliwekwa pamoja na Mwanza, Mara na Shinyanga katika mradi mashuhuri wa kuwafunza watu wazima kusoma kwa mambo ya kazi zao. Elimu ile haikutolewa ili iishie katika kusoma risiti.

Lipo na jambo la mwisho. Nchi ya Kiziba ilimpata F. X. Lwamgira akaandika kwa Kihaya Amakuru ga Kiziba, kikachapishwa mwaka 1949, na vita na Idi Amin vilimpata Henry Muhanika akavitungia utenzi. Kimwani nayo ilikuwa nchi yenye mkama wake, ina miaka yake ya njaa na ya neema, ya mashule na makanisa na misikiti, ya kahawa iliyopanda bei na iliyoshuka, na miaka hiyo ipo katika vichwa vya watu wanaozidi kupungua. Kijana uliyesoma hata kidato cha nne, mwendee babu yako au bibi yako wiki hii, si mwaka ujao, umwulize mwaka na jina, uandike, umsomee, akusahihishe. Na siku utakapokitoa kitabu, tia adadi katika anwani yake bila ya woga, ukijua ya kuwa watu wa Kimwani watakihesabu ukurasa kwa ukurasa, na kwamba wasipofanya hivyo watakuwa wamekunyima heshima unayostahili.