Miji sita siku kumi? Wadau, tuache utani

Haya wadau, leo naingia ulingoni. Kaka yangu na shemeji wanataka kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, wao wawili tu, watoto wanabaki kwa bibi hapa Sola. Nikamwambia mshikaji mmoja wa hosteli, kabla sijamaliza kashanitumia orodha: Lisbon, Barcelona, Paris, Roma, Venice, Athens. Siku 10! Eti ndo mpango wa kila mtu.

Kila mtu asiyehitaji viza, labda. Mwenye orodha ile anakata tiketi anaondoka. Mbongo anaanzia ubalozini.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Wawili ni 180, na ukinyimwa hairudi hata senti. Halafu unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia kwanza. Sasa nchi tano, kila moja siku mbilimbili, afisa utamweleza nini? Na kila kulala na kila kuhama kuwe na karatasi yake, pamoja na bima ya kuanzia euro 30,000.

Lakini kinachoniuma hasa ni kingine. Wanataka taarifa ya benki na barua ya mwajiri. Kaka analima pamba na ana ng'ombe. Huku Usukumani huyo ni mtu mzito, akiongea kikaoni watu wanatulia. Ubalozini hana kitu, maana zizi halitoi hati ya mshahara. Wakati huohuo Mtaliano anaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, hapo jirani na Lamadi, kwa viza ya dola 50 aliyoombea kwenye intaneti, na hakuna aliyemuuliza benki ana shilingi ngapi. Hii ni haki gani jamani?

Tena viza haitolewi kwa mke na mume kama kifurushi, kila mmoja anaamuliwa kivyake. Shemeji ana duka na akaunti, anaweza kupata yeye, kaka mwenye zizi akakosa. Hapo Paris ya wapendanao utaenda na nani, begi?

Najua kuna watakaosema si waende tu Zanzibar, Ulaya ya nini. Sikubali kabisa. Kwa nini mtu wa Sola aione Roma kwenye kalenda ya sebuleni tu?

Msimamo wangu: nchi mbili, basi. Roma siku 4, Firenze 2 (treni ya kasi ni kama saa moja na nusu), halafu Paris 3, warudie hukohuko bila kuzunguka tena. Italia ndo yenye siku nyingi, kwa hiyo maombi yanaenda Italia, hakuna ubishi. Ng'ombe wauzwe mapema mnadani, na risiti ichukuliwe. Hela ikae benki, isionekane imeingia jana. Risiti za pamba za AMCOS nazo ziambatanishwe. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na majibu yanaweza kuchukua hadi siku 45, kwa hiyo tiketi ya ndege isilipiwe kwa kiherehere.

Mwenye kutetea miji sita aje hapa kwenye maoni tubishane, ila aje na hesabu ya siku.